Ghorofa Imeletwa na Nani?

Msomaji mpenzi, mitaa yetu ya Mombasa ina desturi moja: jambo kubwa halianzii ofisini, huanzia barazani. Baada ya sala ya Alasiri, kahawa haijapoa kikombeni, mtu ataleta habari na wenziwe wataipima. Hivyo ndivyo tulivyoletewa habari ya bango. Lilikuwa limesimamishwa katika kiwanja kitupu nyuma ya msikiti wetu, na maneno yake yalikuwa machache: mwenye kiwanja aomba ruhusa ya kaunti ajenge ghorofa tisa, nyumba 36 za kukaa watu. Mwenye pingamizi alilete kwa maandishi katika muda wa siku 14.

Mtaa wetu uko kisiwani, nje kidogo ya mpaka wa Mji wa Kale. Mpaka huo si ukuta wala si mto, ni mstari wa ramani tu, lakini jambo lake ni kubwa. Mji wa Kale ulitangazwa na serikali kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1990, na tangu hapo mwenye nyumba iliyo ndani ya mstari hatakiwi kubomoa wala kuongeza ghorofa bila ya wahifadhi kuulizwa. Sisi tulio ng'ambo ya pili ya njia hatuna ngao hiyo. Kwetu kuna sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019, ambayo ni ya nchi nzima, na kuna bango.

Tukakutana madrasani baada ya Isha, wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia. Mzee mmoja alianza na stitara. Alisema nyumba ya Kiswahili hutazama ndani. Mbele kuna baraza ya wageni, kati kuna ukumbi na vyumba vyake, na nyuma kuna ua, ambapo wake zetu hupika, huanika, na huketi vichwa wazi bila ya wasiwasi. "Mtu akisimama ghorofa ya nne," alisema, "ua wote huo ameumiliki kwa macho. Nami nitakuwa nimebakiwa na nini? Hati ya nyumba?"

Fundi wa mfereji akasimama. Yeye hakutaja haya wala heshima, alitaja maji. Maji ya Mombasa hutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na hayatoshi. Kuna siku twanunua ya mikokoteni. Jamaa 36 wakiongezwa juu ya mfereji ule ule, nani atapata? Na yale machafu je? Mashimo ya vyoo na visima vyetu vimekaa ardhi moja, na maji ya visima hivyo ndiyo watu watiayo udhu. Mwengine akatukumbusha Huruma, Nairobi, mwaka 2016, ghorofa iliyojengwa bila ya idhini kando ya mto ikaanguka usiku wa mvua na kuwafukia watu wapatao 50.

Nalidhani maneno yamekwisha. Watu walikuwa tayari kutia sahihi karatasi ya kusema "hatutaki." Lakini kijana mmoja aliomba ruhusa. Ameoa miaka miwili sasa, akaa Mtwapa kwa kuwa huku hakupata nyumba ya kodi anayoiweza. Mamake ni mgonjwa na yuko hapa mtaani. "Wazee wangu," alisema, "mwaka 2009 kaunti hii ilihesabiwa watu 939,370. Mwaka 2019 wakawa 1,208,333. Hao ni sisi mliotuzaa. Kisiwa hakivutiki kama mpira. Mkikataa tusijenge kwenda juu, tuambieni tujenge wapi."

Hakuna aliyemjibu papo hapo, kwani aliyoyasema yalikuwa kweli.

Maalim wetu akaingia kati. Alitukumbusha jinsi Jibrili alivyomhimiza Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya jirani, hata Mtume akadhani kuwa jirani atafanywa mrithi. Mtu mmoja akadakia kwamba ikiwa ni hivyo, mnunuzi hakuwa na haki ya kununua kabla sisi majirani hatujaulizwa. Maalim akatikisa kichwa. Hiyo ni shufaa, alisema, na katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yetu, shufaa si ya jirani. Ni ya mshirika, yule mwenye fungu katika mali yenyewe.

Hapo ikatoka sauti nyuma ya pazia. Nyote mwamjua Bi Mkubwa wa aina hii, kila mtaa unaye: amezidi miaka themanini, na hapana mtu mle madrasani ambaye yeye hakumuona akitambaa. Nyumba yake imepakana na kiwanja kile.

"Wanangu," alisema, "tangu magharibi nawasikia mwamlaumu aliyenunua. Yeye ni mtu wa biashara, ameona kiwanja akatoa pesa. Mimi nauliza, aliyeuza ni nani? Na wenye mafungu walikuwa wapi?"

Msomaji wangu, niliinamisha kichwa. Kisha nikaona kunyamaza kwangu kutakuwa ni uwongo, nikainua mkono. Kiwanja kile ilikuwa nyumba ya babangu. Alipofariki tulibaki warithi 11 kwa nyumba ya vyumba sita. Miaka ikapita hatukugawana. Mmoja yuko Jeddah, mmoja Nairobi, wengine wana deni la karo. Paa likavuja, na kila mmoja akamngojea mwenziwe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatukuziba wala hatukujenga. Alipokuja mnunuzi tulitia sahihi wote 11, nami nilikuwa wa tatu. Haki ya kununua fungu la ndugu yangu nilikuwa nayo, na hata nusu yake sikujaribu. Fungu langu lilinitengenezea paa la nyumba niliyomo.

"Najua, baba," Bi Mkubwa alinijibu kwa upole. "Nilitaka useme wewe."

Tangu hapo mazungumzo yakageuka. Hasira ilipungua, watu wakaanza kuhesabu. Barua tuliyoiandika haikusema kwamba hatutaki ghorofa. Ilisema tunayoyahofia na tunayoyaomba: ghorofa zipunguzwe zifike nne, madirisha yanayoelekea nyua za watu yainuliwe kupita kimo cha mtu au yatiwe wavu wa mbao kama roshani za kwetu, tuonyeshwe maji yatatoka wapi na machafu yatakwenda wapi, tuone ripoti ya mazingira, na kichochoro kiachwe upana wa kupita gari la zimamoto, na jeneza lenye wabebaji wake kila upande. Mambo haya hupimika. Ofisa aweza kulipuuza "hatutaki," lakini swali la shimo la choo lazima alijibu.

Barua ilipelekwa siku ya 12, ina sahihi 31, na ya yule kijana wa Mtwapa imo. Jawabu halijaja. Likija lisiloridhisha, ipo kamati ya kaunti isikizayo rufaa za mipango ya ardhi, nayo pia ina siku zake 14, na mbele yake iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mwenye kulala siku hizo zikapita asimlaumu mtu.

Lakini la kwangu halingojei kamati. Katika mtaa wetu nimezihesabu nyumba saba zenye hali ile ile iliyokuwa yetu: wenyewe wamefariki, mirathi haijagawanywa, warithi hawasemezani. Hizo ndizo ghorofa zijazo. Mabango yake hayajasimamishwa, lakini msingi umekwisha chimbwa, na waliouchimba ni sisi. Enyi wenye mafungu, ketini pamoja wangali wazee wenu hai wa kuwasuluhisha. Gawaneni, nunulianeni, au jengeni wenyewe kwa kiasi, mkae na wana wenu na jirani asidhurike.

Nami nafunga kwa ubeti mmoja, niliouandika usiku ule nilipotoka madrasani:

Tusikatae majengo, wakae wetu vijana,
Bali ipimwe mipango, na watu wakionana,
Na jirani wa mlango, asionewe mchana,
Haki ni kupimiana, si kupimana urefu.