Kiazi Kilichoona Jua

Wiki hii nazungumzia jambo tunalolipita kila siku sokoni bila kuligeukia. Nalo ni mwanga, na kazi unayoifanya juu ya mboga iliyokwisha kuvunwa.

Wengi hudhani mboga ikishakatwa imekufa. Sivyo. Mchicha ulioko gengeni bado unapumua, na kiazi kilichomo guniani bado ki hai. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walieleza kwamba hata kabichi iliyovunwa huendelea kufuata zamu za mchana na usiku, ikiwekwa mahali ambapo mwanga na giza hupokezana. Kumbe tunachobeba kikapuni ni kitu chenye uhai, na mwanga unakigusa.

Sasa fikiria Kakesio, kule kusini-magharibi mwa Hifadhi ya Ngorongoro. Wakazi wake ni wafugaji. Kilimo ndani ya hifadhi kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa muda mwaka 1992, kisha kikakatazwa tena mwaka 2009. Maana yake ni kwamba kiazi, kitunguu au nyanya ya kuliwa Kakesio hutoka nje ya hifadhi, mathalani upande wa Karatu, na kusafirishwa njia ndefu. Gunia lisipofunikwa turubai, jua linaanza kazi yake njiani. Likifika, likamwagwa chini mbele ya duka, jua linaendelea.

Kiazi mviringo ndicho kinachoathirika vibaya zaidi. Kiazi si mzizi, ni shina lililonenepa chini ya ardhi. Kikiona mwanga hujiandaa kuwa mmea: ngozi yake hugeuka kijani. Ukijani wenyewe hauna madhara, ni rangi ile ile ya majani. Lakini mwanga huo huo huongeza sumu iitwayo solanini pamoja na mwenzake chakonini. Wataalamu husema sumu hizo zisizidi miligramu 200 katika kilo moja ya viazi vibichi. Kuchemsha hakuziondoi.

Anayekula kiazi cha namna hiyo anaweza kuumwa tumbo, kutapika na kuhara. Mwaka 1979 madaktari wa Uingereza walichapisha habari za wanafunzi 78, wavulana, waliougua baada ya kula viazi vya shuleni vilivyokuwa vimekaa ghalani tangu muhula uliopita. Kumi na saba kati yao walilazwa hospitali. Wote walipona, lakini hapo hospitali ilikuwa karibu. Je, mtoto wa kijiji kilicho mbali na daktari?

Sisi wa mjini nasi tusijione tumepona. Nimeona viazi vimepangwa mafungu mafungu juani tangu asubuhi hadi jioni, vikivutia macho kabisa, na kesho yake vile vilivyobaki vikarudi pale pale. Mwenye genge hana nia mbaya. Anataka mteja avione. Ni sisi wateja tuliomzoesha hivyo.

Majani nayo yana habari yake. Mwanga si adui wa kila mboga. Mwaka 2010 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walionyesha kwamba spinachi iliyowekwa kwenye ubaridi chini ya taa ilihifadhi vitamini vizuri kuliko ile iliyowekwa gizani. Lakini hiyo ni taa, tena penye baridi. Jua letu huja na joto, na joto hunyausha. Nyanya pia haihitaji jua ili iive. Joto likizidi nyuzi 30 hata wekundu wake hautoki sawasawa.

Kwa mahali penye mboga haba kama Kakesio, mboga za majani zilizokaushwa zingefaa sana, kwa kuwa ni nyepesi kubeba na hukaa muda mrefu. Ila namna ya kukausha ina maana. Mwaka 2003 Generose Mulokozi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, pamoja na Ulf Svanberg wa Sweden, walichapisha utafiti juu ya mboga za majani za hapa nchini. Zile zilizoanikwa wazi juani zilipoteza zaidi kile kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, kuliko zile zilizokaushwa ndani ya kasha maalumu la jua. Vitamini hiyo ndiyo kinga ya macho ya watoto wetu.

Basi tufanyeje? Msafirishaji afunike gunia. Muuzaji aweke mafungu machache mbele, mengine yakae kivulini chini ya gunia tupu. Nyumbani, viazi vikae penye giza na hewa. Kiazi chenye ukijani kidogo, kimenye kwa kina na uchimbe macho yake yote. Kilichoenea ukijani, au kilicho kichungu mdomoni, kiache. Wala usimpe mbuzi, maana naye humdhuru. Mwenye shamba anaweza kukipanda, kwani mbegu ya kiazi huhifadhiwa vizuri penye mwanga hafifu.

Kesho ukienda sokoni, geuza kiazi ukitazame pande zote kabla ya kutoa fedha. Kama ni cha kijani, mwambie mwenye genge sababu ya kukikataa. Akisikia hivyo kwa wateja kumi, wewe mwenyewe utaona ameleta kivuli.