Mbaazi, Riba na Ghala la Babati: Mwaka wa Misukosuko katika Mbulu na Hanang

Benki Kuu ya Tanzania ilipotangaza, tarehe 4 Januari 2018, kwamba imezifutia leseni benki tano ambazo mitaji yake ilikuwa imepungua chini ya kiwango cha sheria, nazo ni Covenant, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wakulima Kagera na Benki ya Wananchi Meru, mtu wa Katesh, wilayani Hanang, au wa Mbulu mjini, huko mkoani Manyara, angeweza kuipokea habari ile kama msiba wa mji mwingine, maana aliyekuwa jirani yake wa karibu katika orodha hiyo ni Meru, nako ni mkoa wa Arusha. Lakini mtu huyo, iwapo alikuwa mkulima wa mbaazi, alikuwa amekwisha kuuonja msukosuko wenyewe miezi mitano kabla ya tangazo, tena shambani kwake, ingawa hapana aliyemwambia kwamba hayo nayo ni mambo ya benki.

Katika Hanang, na katika nchi ya chini ya Mbulu, mbaazi hupandwa pamoja na mahindi katika shamba moja. Mahindi yakisha kuvunwa, mbaazi husalia peke yake ikikomaa hadi Agosti na Septemba, na wakati mahindi ni chakula cha nyumba, mbaazi ndiyo ada ya shule, bati la paa na dawa ya ng'ombe. Watu wa pwani, ambao huila kwa nazi na mahamri asubuhi, huenda wasijue ya kwamba sehemu kubwa ya mbaazi ya bara hupakiwa melini kwenda India, na kwa hiyo bei yake huamuliwa na mvua za huko na sheria za huko. India ilipopungukiwa na dengu na mbaazi mwaka 2015, kilo moja ilipita shilingi 2,000 mikononi mwa mkulima wa Manyara, na wengi wakapanua mashamba. Kisha Wahindi nao wakavuna kwa wingi, na mapema Agosti 2017 serikali yao ikaweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zitokazo ng'ambo. Na kwa kuwa amri hiyo ilitoka wakati uleule mavuno yalipokuwa yakishuka mashambani, bei ikaporomoka hadi mamia machache ya shilingi kwa kilo, na mahali pengine ikakosekana bei yoyote. Mahindi nayo hayakuwa kimbilio, kwa sababu katikati ya mwaka huohuo Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuyasafirisha yakiwa ghafi nje ya nchi.

Yafaa hapa tuutazame mwendo wa fedha yenyewe, kwa kuwa ndimo ilimojificha siri ya mwaka ule. Msafirishaji wa Dar es Salaam hukopa benki. Akampelekea fedha tajiri mwenye ghala Babati, ambaye aghlabu naye ana deni lake mwenyewe, ameweka rehani nyumba au lori. Tajiri akamkabidhi dalali, na dalali akaingia kijijini na mizani, magunia matupu na daftari, akapima, akashindilia lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, pale alipopata mwanya, akalipa taslimu. Mkulima haioni benki katika safari yote hiyo, naye huona dalali tu. Basi India ilipoibana milango yake, mali iliyokwisha kununuliwa kwa bei ya jana ikabaki ghalani, riba ya wastani wa karibu asilimia 18 kwa mwaka ikiendelea kuhesabiwa juu yake, na tajiri aliyekuwa akituma Fuso tatu kwa juma asitume hata moja. Jibu la dalali kwa kila aliyemwuliza lilikuwa moja: tajiri hajatuma hela. Hakusema uongo, walakini hakuweza kusema kwamba tajiri hakutuma kwa sababu benki haikumwongezea, na benki haikumwongezea kwa sababu yenyewe ilikuwa ikihema.

Na kwa hakika ilikuwa ikihema. Mwisho wa mwaka 2017 mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, ilikuwa imepita asilimia 11 ya mikopo yote nchini, hali kiwango anachokiridhia msimamizi ni asilimia 5. Ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi, ambao miaka miwili nyuma ulizidi asilimia 20, ukashuka chini ya asilimia 2. Na hata CRDB na NMB, majabali ya biashara ya benki, faida zao zikapungua sana. Sababu zilikuwa nyingi. Amana za mashirika ya umma zilikwisha kuhamishiwa Benki Kuu. Kisha kuna jambo ambalo waandishi wa uchumi hawakulipa uzito wake, nalo ni uhakiki wa vyeti: tarehe 28 Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Sasa, katika mji wa wilaya kama Mbulu au Katesh, mteja apendwaye na benki kuliko wote ni mwalimu, muuguzi na karani wa halmashauri, maana deni lake hukatwa kabla mshahara haujamfikia. Mshahara ukikoma, deni hubaki bila ya mlango wa kupitia. Mkopo ulioaminiwa kuwa salama kuliko wote ukageuka chechefu.

Benki Kuu haikukaa bure. Riba inayoyatoza mabenki iliishusha kutoka asilimia 16 hadi 12 mwezi Machi 2017, kisha hadi 9 mwezi Agosti, na akiba ya lazima ikapunguzwa kutoka asilimia 10 ya amana hadi 8. Fedha ikapatikana kwa wepesi mjini. Ila kutoka hapo hadi Basotu au Dongobesh ni safari nyingine, na benki iliyotiwa hofu na madeni huona heri inunue dhamana za Serikali kuliko kumkopesha mnunuzi wa nafaka.

Wazee wa wilaya hizi wamepata kuona zaidi. Benki ya Taifa ya Biashara, iliyozaliwa na Azimio la Arusha la mwaka 1967, ilikopesha vyama vya ushirika na bodi za mazao kwa amri kuliko kwa hesabu, hata ikawa muflisi kwa kila maana isipokuwa jina. Tume ya Charles Nyirabu ya kuchunguza mabenki ikaundwa mwaka 1988, sheria ya 1991 ikafungua soko la benki, na mwaka 1997 benki ile ikagawanywa, matawi madogo ya bara yakirithiwa na NMB. Hanang iliyaona hayo pamoja na kisa cha ngano: mashamba ya NAFCO, shirika la kilimo la taifa, yaani Basotu, Setchet, Mulbadaw na menzake, takribani ekari laki moja zilizotwaliwa katika malisho ya wafugaji Wabarbaig, yalilimwa kwa msaada wa Kanada, na msaada ulipokoma mwaka 1993 yakazorota.

Ndiyo maana simlaumu Mbarbaig anayeiweka akiba yake katika ng'ombe. Mwaka ule wa 2017, aliyekuwa na mitamba aliuza mmoja mnadani akalipa ada, na aliyekuwa na mbaazi tu akangoja. Hali kadhalika, Mbulu ya juu, ijapokuwa barabara zake wakati ule zilikuwa za udongo na Hanang ina lami ya Babati na Singida, ilijikinga kiasi kwa vitunguu saumu, zao linaloliwa hapahapa nchini. Lakini ng'ombe hawezi kuwekwa rehani benki, na shamba la kijiji, hata likipata hati ya kimila chini ya sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999, benki nyingi hulipokea kwa shingo upande. Zilizokuwa na moyo wa kupokea dhamana kama hizo ni benki ndogo za wananchi na za wakulima, na baadhi yake ndizo zilizofungwa. Sisemi kwamba Benki Kuu ilikosea. Benki isiyo na mtaji hula amana za watu. Nasema kwamba aliyebaki mlangoni ni mkopeshaji mkubwa asiyejua msimu, na VICOBA, vile vikundi vya vijijini vya kuweka na kukopa, ambavyo hujua msimu lakini havina fedha ya kununua hata shehena ya lori moja.

India iliondoa ukomo ule mwezi Mei 2021, na bei ikapanda tena. Wengi waliokuwa wameng'oa mbaazi walirudi, baadhi kwa kuchelewa. Bima ya amana, iliyowalipa wateja wa benki zile tano kiasi kisichozidi shilingi 1,500,000 kila mmoja, ilipandishwa hadi 7,500,000 mwaka 2023, na hilo ni jambo jema kwa mwenye akiba. Kwa tajiri wa ghala hesabu ni nyingine: magunia mia moja ya kilo mia, kwa shilingi 2,000 kilo, ni milioni ishirini, tena hiyo ni sehemu tu ya mzigo wa msimu mmoja, na fedha hiyo hupita katika akaunti yake majuma yaleyale ambayo mkulima wa Hanang anamngoja.