Mtoto Aliyebaki Jikoni: Mapambano ya Angela Benedicto wa Mwanza



Kila alasiri watoto wetu hushika juzuu zao wakaja madrasa. Lakini katika baadhi ya nyumba za jiji letu la Mwanza kuna mtoto mmoja anayebaki. Anaosha vyombo, anachota maji, anambeba mdogo wa mwenye nyumba. Humwita "dada" au "hausigeli", na pengine umri wake ni sawa na wa hao waliokwenda kusoma. Makala hii inamzungumzia yeye, na mwanamke wa hapa Mwanza aliyeamua kumtetea.

AJIRA YA WATOTO NI IPI?

Si kila kazi ni mbaya. Mtoto kufagia uwanja au kumsaidia mama yake kupika ni sehemu ya malezi. Ubaya huanza pale kazi inapomnyima shule, inapodhuru mwili wake au inapomfanya mtumwa wa mtu.

Huku kwetu Kanda ya Ziwa tunawaona watoto mialoni wakianika dagaa, wengine wakiingia ziwani usiku kuvua. Kwenye machimbo ya dhahabu wapo wanaoponda mawe. Hao tunawaona na tunasikitika. Mtoto wa kazi za ndani haonekani, kwa sababu yuko nyuma ya mlango uliofungwa. Mara nyingi ametoka kijijini kwa ahadi kwamba atasomeshwa mjini. Akifika, shule inasahaulika. Mshahara anaambiwa "unatunziwa", na siku ya kuudai huambiwa amevunja sahani nyingi.

ANGELA BENEDICTO NA WOTESAWA

Angela Benedicto anayajua haya kwa kuyapitia. Aliwahi kuwa mtumishi wa ndani akiwa binti mdogo, na akaonja manyanyaso yake. Alipotoka huko hakunyamaza. Wakati huo shirika la Kivulini, lililoanzishwa Mwanza mwaka 1999 kupinga ukatili dhidi ya wanawake, lilikuwa likiwakutanisha vijana wa kazi za ndani ili wajue haki zao. Katika harakati hizo Angela alipata sauti, na mwaka 2014 shirika lake la WoteSawa likasajiliwa.

Jina hilo lina ujumbe: mtoto wa mwenye nyumba na mtoto wa jikoni, wote sawa. Shirika huwapokea watoto walioteswa na kuwahifadhi katika nyumba salama, huwatafutia ndugu zao, na huwasaidia kurudi shule au kujifunza ufundi. Kwa walio na umri wa kuajiriwa, hudai mkataba wa maandishi, mshahara kamili na mapumziko. Angela haombi watu wawaonee watumishi huruma tu. Anasema hii ni kazi, na kazi ina haki zake.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Aliyetimiza miaka 14 aweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumtumikisha mtoto kinyonyaji. Kimataifa, mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha huko Geneva Mkataba Na. 189 unaotambua kazi za nyumbani kuwa kazi kama nyingine.

"MBONA ANAS ALITUMIKA?"

Wapo wanaouliza hivyo. Ni kweli, Anas bin Malik (r.a.) aliletwa na mama yake, Ummu Sulaym, kumhudumia Mtume (s.a.w.) akiwa na umri wa miaka kama kumi. Lakini tuitazame huduma ile. Anas mwenyewe ameeleza kuwa katika miaka kumi hakuwahi kuambiwa hata neno la kuchoshwa naye. Alilelewa na kufundishwa, akawa miongoni mwa Masahaba waliopokea hadithi nyingi zaidi, zaidi ya 2,000. Je, mtoto aliye jikoni kwetu, akiondoka baada ya miaka kumi, ataondoka na elimu gani? Atasimulia nini kuhusu sisi?

Mtume (s.a.w.) amefundisha pia kwamba wanaotutumikia ni ndugu zetu: tuwalishe tunachokula, tuwavishe tunachovaa, tusiwatwishe wasichokiweza. Na amemuonya vikali anayemtumikisha mtu kisha asimpe ujira wake.

TUFANYE NINI?

Mzazi, usimchukue mtoto wa mwenzio kwa ahadi usiyokusudia kuitimiza. Kama unaye mtu mzima anayekusaidia kazi, andikianeni mkataba na umlipe kwa wakati. Nawe unayemtuma binti yako mjini, uliza anakwenda kwa nani na atasoma wapi.

Mwanafunzi, kunja shuka lako na uoshe sahani yako. Muite dada kwa jina lake na umheshimu. Ukijua mtoto anapigwa au ananyimwa chakula, mwambie mwalimu au mzazi, au piga simu bure namba 116 ya kusaidia watoto.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie tuwe miongoni mwa wanaowatendea uadilifu wale wasio na wa kuwasemea. Amin.

Wabillahi tawfiq.