Mwelekeo wa Mvua za Vuli, Ukavu na Hatari ya Moto: Maelezo kwa Wananchi wa Unguja na Pemba

Wananchi wanafahamishwa kuwa kila mwaka, kabla ya kuingia mvua za vuli, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu huo kwa maeneo yote yanayopata misimu miwili ya mvua, vikiwemo visiwa vya Unguja na Pemba. Taarifa hiyo husomwa redioni na kuchapishwa magazetini, lakini maneno yake ya kitaalamu huwapita wasikilizaji wengi. Makala haya yanaeleza maana ya vuli kuwa "chini ya wastani", sababu za hali hiyo kutokea, na kwa nini miezi ya Septemba hadi Novemba katika mwaka wa namna hiyo huwa ni miezi ya hatari ya moto mashambani, misituni na majumbani.

VULI KATIKA MZUNGUKO WA MWAKA

Mwaka wetu una misimu minne. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei. Baada yake huja kipupwe, Juni hadi Agosti, wakati upepo wa kusi unapovuma na hewa kuwa ya baridi na kavu. Vuli hunyesha Oktoba hadi Disemba, na kiangazi, Januari na Februari, huja na upepo wa kaskazi na jua kali.

Kwa mpangilio huo, vuli imesimama baina ya misimu miwili ya ukavu. Inapofika Septemba, ardhi imekwisha kukaa miezi mitatu au zaidi bila ya mvua ya kutosha, nyasi zimekauka na majani yaliyopukutika yametandazika chini ya miti. Mvua za vuli zikinyesha kwa wakati wake, hali hiyo hukatika. Zikichelewa, ukavu hurefuka kwa wiki kadhaa. Na zikiwa haba, kipupwe na kiangazi huungana, na nchi husubiri masika ya mwezi wa Machi ndipo ipate mvua ya kushiba. Kwa sababu hiyo, upungufu wa vuli hauishii katika miezi mitatu ya vuli; athari zake hufika hadi mwaka unaofuata.

MAANA YA "WASTANI"

Wataalamu hupima mvua kwa milimita na kulinganisha kiasi cha msimu na wastani wa miaka mingi, kwa kawaida miaka 30, wa mahali hapo hapo. Mvua iliyo baina ya asilimia 75 na 125 ya wastani huo huitwa mvua ya wastani. Iliyopungua asilimia 75 huitwa chini ya wastani, na iliyozidi asilimia 125 huitwa juu ya wastani. Tuchukue mfano wa kijiji ambacho wastani wake wa vuli ni milimita 400. Kijiji hicho kikipata chini ya milimita 300, vuli hiyo ni ya chini ya wastani. Kikipata zaidi ya milimita 500, ni ya juu ya wastani.

Mambo mawili yanafaa kuzingatiwa hapa. La kwanza ni kwamba mwelekeo wa msimu hutolewa kwa uwezekano. Haumhakikishii mkulima mmoja mmoja kiasi cha mvua kitakachoanguka katika konde yake. Visiwa vyetu ni vidogo, na mvua inaweza kunyesha magharibi ya Unguja huku upande wa mashariki ukabaki mkavu. La pili ni kwamba jumla ya mvua haielezi mgawanyo wake. Msimu unaweza kupata mvua kubwa ya siku chache, kisha ukafuatiwa na wiki mbili au tatu za jua. Kwa mimea michanga na kwa hatari ya moto, siku hizo za jua ndizo zenye uzito. Ndiyo maana taarifa za Mamlaka hutaja pia wakati unaotarajiwa wa mvua kuanza na kwisha, pamoja na vipindi vya ukavu ndani ya msimu. Mwananchi asiishie kusikiliza neno la wastani peke yake. Asikilize na tarehe.

SABABU ZA VULI KUWA HABA

Mvua za vuli huletwa na ukanda mvua, yaani eneo ambalo pepo za kaskazini na za kusini mwa dunia hukutana, hewa yenye unyevu ikapanda juu na kufanya mawingu. Katika miezi ya vuli ukanda huu husafiri kutoka kaskazini kuelekea kusini, na hupita kwetu. Nguvu yake hutegemea sana joto la maji ya bahari.

Bahari ya Hindi ikiwa na joto zaidi upande wetu wa magharibi kuliko upande wa Indonesia, mawingu hujengeka kwetu na vuli huwa nyingi. Hali ikigeuka, maji ya Indonesia yakawa na joto na yetu yakapoa, mvua huvutwa kwenda huko na pwani yetu hukauka. Bahari ya Pasifiki nayo, ingawa iko mbali, ina mkono wake katika jambo hili: hali ya El Niño mara nyingi huongeza vuli ya Afrika ya Mashariki, na hali ya La Niña mara nyingi huipunguza.

Mifano ya karibu ipo. Vuli za mwaka 1997, 2019 na 2023 zilikuwa za mvua kubwa katika Afrika ya Mashariki, na katika miaka yote hiyo Bahari ya Hindi ilikuwa na joto upande wa magharibi. Kinyume chake, vuli za mwaka 2016 na 2022 zilikuwa haba, joto likiwa limehamia upande wa Indonesia. Mwezi Oktoba 2022 jiji la Dar es Salaam lililazimika kugawa maji kwa zamu baada ya kina cha Mto Ruvu kushuka. Kwa kuwa bahari hupata joto na kupoa polepole, wataalamu wanaweza kuona dalili hizo mapema, na ndiyo maana mwelekeo wa vuli huweza kutolewa kabla tone la kwanza halijaanguka.

UKAVU UNAVYOZAA MOTO

Moto wa msituni huhitaji vitu vitatu: kitu kikavu cha kuungua, upepo wa kuupeleka, na mtu wa kuuwasha. Viwili vya mwanzo huletwa na msimu. Cha tatu karibu kila mara ni sisi wenyewe.

Maeneo ya maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe ya mashariki na kusini ya Unguja na ya sehemu za mashariki na kaskazini ya Pemba, yana udongo haba uliojaa katika nyufa za mawe. Maji ya mvua hupenya upesi na juu hubaki pakavu, hivyo vichaka vya maweni hukauka mapema kuliko mashamba ya udongo mzito. Moto ukiingia huko ni mgumu kuuzima: gari halipiti, maji hayapo karibu, na mizizi na majani makavu ndani ya nyufa huweza kufukuta bila ya kuonekana kisha moto ukalipuka upya upepo unapozidi. Pembezoni mwa ardhi ya namna hii ndipo ulipo msitu wa Jozani, sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa mwaka 2004, ambamo wanaishi kima punju wasiopatikana kwa asili popote duniani isipokuwa Unguja.

Katika mashamba ya karafuu hasara huwa ya namna nyengine. Mkarafuu huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuanza kuzaa. Moto wa nyasi unaopita chini ya miche kwa dakika chache unaweza kupoteza kazi ya miaka hiyo yote.

Wapo wanaodhani kuwa kuzungukwa na bahari ni kinga. Mwezi Agosti 2023, katika kisiwa cha Maui cha Hawaii, moto ulioenea kwa upepo mkali katika nyasi kavu uliuteketeza mji wa Lahaina ulio ufukweni kabisa, na watu wapatao 100 walipoteza maisha. Hapa kwetu Tanzania, moto wa Mlima Kilimanjaro wa mwaka 2020 ulianza tarehe 11 Oktoba, wakati ambao vuli ilikuwa ikitarajiwa, nao ukaunguza takriban kilomita za mraba 95 za mimea. Taarifa za awali za hifadhi zilieleza kuwa chanzo chake kilikuwa ni moto mdogo wa kupashia chakula.

MOTO WA KUSUBIRI MVUA

Wazee wetu walihesabu mwaka kuanzia Nairuzi, Siku ya Mwaka ambayo hadi leo huadhimishwa Makunduchi mwezi wa Julai, wakaugawa kwa miongo ya siku kumi kumi. Kwa hesabu hiyo wakulima na mabaharia walipanga kazi zao, na ni elimu inayostahiki heshima. Kwa utaratibu huo wa mazoea, mkulima wa maweni hufyeka, huacha vichaka vikauke, kisha hukoka moto muda mfupi kabla ya mvua, akitegemea kwamba mvua itakuja kuuzima moto uliobaki na kuyeyusha jivu liingie ardhini.

Katika mwaka ambao vuli imetabiriwa kuchelewa, tegemeo hilo huvunjika pande zote mbili. Mvua ya kuzima haiji, na moto hubaki ukifukuta katikati ya vichaka vilivyo vikavu kuliko kawaida. Jivu nalo hupeperushwa na upepo kabla ya kulifaa shamba, na ardhi hubaki wazi juani. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini wingu la mwezi wa Oktoba linaweza kupita na kwenda zake baharini. Katika mwaka wa namna hii, anayetaka kuchoma asubiri mvua yenyewe ianguke na kuirowesha ardhi ya jirani.

YANAYOTAKIWA KUFANYWA

Kwa hivyo, mwelekeo wa msimu unapotaja mvua za chini ya wastani au zitakazochelewa, wananchi wananasihiwa yafuatayo:

1. Anayeweza kulima bila ya kuchoma asichome. Majani yaliyofyekwa yakitandazwa shambani huhifadhi unyevu, na katika vuli haba unyevu huo una faida kubwa kuliko jivu.

2. Anayelazimika kuchoma akusanye vichaka katika marundo madogo katikati ya shamba, mbali na msitu. Mvua ya kwanza ikinyesha, marundo hukauka tena kwa siku chache za jua huku msitu wa pembeni ukiwa bado mbichi. Huo ndio wakati wa kuchoma.

3. Kabla ya kuchoma, mkulima amuarifu Sheha, jirani zake na bwana misitu wa eneo lake, na afyeke ukanda mpana wa kuzuia moto kuzunguka shamba. Wananchi wanakumbushwa kuwa matumizi ya misitu yote yanaongozwa na Sheria Nam. 10 ya mwaka 1996 ya usimamizi na uhifadhi wa rasilimali za misitu.

4. Kuchoma kufanywe asubuhi mapema, watu wa kutosha wakiwepo, na kamwe kusifanywe mchana au alasiri, wakati upepo wa bahari unapopanda. Mwenye shamba asiondoke mpaka majivu yamepoa, na arudi siku ya pili kukagua.

5. Warina asali wasitupe mienge ovyo, na wachoma makaa na chokaa wasiache matanuri bila ya mlinzi.

6. Wenye nyumba, mabanda na mahoteli yaliyoezekwa makuti waondoe nyasi na makumbi makavu yaliyo karibu na kuta, wasitupe majivu ya moto jaani, na waweke mapipa ya maji, mchanga na mti mrefu wenye kigoe wa kuvutia makuti yanayoungua. Jiko la makuti lisijengwe upande unaotoka upepo kuelekea nyumba.

7. Anayeona moshi msituni amuarifu Sheha mara moja, na Kikosi cha Zimamoto na Uokozi kipewe taarifa mapema. Moto unaoweza kuzimwa na watu watano kwa matawi mabichi saa tatu asubuhi, saa tisa mchana hauwezwi hata na hamsini.

MAJI NA MAZAO

Sehemu kubwa ya maji tunayotumia hutoka ardhini, na maji hayo hujazwa na mvua. Vuli ikiwa haba, visima hupungua, na vile vilivyo karibu na pwani huweza kuingiwa na maji ya chumvi vikivutwa kupita kiasi. Kila nyumba iweke akiba, iziba mifereji inayovuja na ivune maji ya paa hata kwa rasharasha. Wakulima wachague mbegu zinazokomaa kwa muda mfupi, na mihogo isiachwe, kwani huvumilia jua. Asipande mtu mbegu zake zote kwa mvua ya kwanza.

Mwelekeo wa msimu huhuishwa kila mwezi na kila siku kumi kadiri siku zinavyokwenda. Masheha wanaombwa kuzisoma taarifa hizo mbele ya wananchi katika mikutano ya shehia, misikitini na skuli, ili mtu aliye mbali na redio naye ajue lini avae jembe begani na lini aache kibiriti nyumbani.