Umeme wa Ugenini

Wasikilizaji wetu wa Kilwa na Lindi, nanyi wa Kiswere mliozoea kusafiri kwa bahari, leo napenda kuwaeleza jambo dogo liharibulo mali nyingi: habari ya umeme wa ugenini.

Umeme una msukumo, nao hupimwa kwa volti. Katika Tanzania msukumo huo ni volti 230. Marekani ni 120 tu. Basi mtu akiletewa na nduguye pasi ya Marekani, iliyofanywa kwa volti 120 peke yake, hudhani kwamba akiichomeka hapa joto litazidi mara mbili. Sivyo. Msukumo ukikaribia maradufu, mkondo nao huzidi kadiri ile ile, na joto huongezeka karibu mara nne. Pasi ya wati 1,000 hutaka kula wati 3,600 na zaidi. Yenyewe huungua, na pengine huunguza nyumba. Pasi yetu nayo ikipelekwa kule hupata kama robo tu ya joto lake, wala hainyoshi kanzu.

Kwa hiyo, ewe msafiri, kwanza soma maandishi yaliyo juu ya chombo chako. Ukiona 100–240, chafaa karibu kila nchi, na chaji nyingi za simu ni za namna hiyo. Hapo limebaki umbo la plagi. Plagi yetu ya miguu mitatu bapa, iliyowekwa Uingereza mwaka 1947, ndiyo itumikayo Maskati pia. Lakini ukivuka Ruvuma kwenda Msumbiji, mara nyingi utakuta matundu mawili ya mviringo; na mgonjwa aendaye hospitali za Bara Hindi atakuta matatu ya mviringo. Hapo yatakiwa adapta. Nayo hubadili umbo tu, haipunguzi hata volti moja. Kazi hiyo ni ya transfoma.

Twaona watu wenye plagi ya miguu miwili wakitia kijiti au kalamu katika tundu la juu. Hiyo ni hila mbaya! Tundu hilo ni la waya wa ardhi. Mguu wake umefanywa mrefu ili utangulie kukiunganisha chombo na ardhi, kisha ufungue vifuniko viwalindavyo watoto. Kijiti huviacha wazi, na plagi iliyolegea hupata moto hata ikayeyuka.

Tena, ndani ya plagi yetu mna fyuzi: ampia 3 yatosha redio na taa, 13 ni ya pasi na birika.