Mtoto Anyamazaye Darasani

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya mtoto anyamazaye darasani.

Katika Tanzania, tangu 1967, shule za msingi za serikali nyingi hufundisha kwa Kiswahili. Mtoto aingiapo Kidato cha Kwanza, masomo yake karibu yote hugeuka yakawa kwa Kiingereza. Jana alikuwa mwepesi wa kujibu. Leo aulizwa jambo alijualo sana, naye huinamisha kichwa, viganja vikamtoka jasho. Mwalimu huandika, “Mzito.” Mzazi husoma, akasadiki. Je, ni mzito kweli?

Mwaka 1986, huko Marekani, Elaine Horwitz na wenzake wawili waliieleza hofu hii, wakatunga maneno 33 ya kuipima. Walisema ya kuwa ina ujamaa na hofu tatu: kuogopa kusema na watu, kuogopa mtihani, na kuogopa kuhukumiwa vibaya na wengine. Basi huenda mtoto anayajua maneno, walakini hofu imemshika ulimi. Asiposema hapati mazoezi. Asipopata mazoezi husema vibaya. Akisema vibaya, hofu huzidi.

Tena watoto hawafanani katika kujifunza. Mmoja husema upesi, akikosea hucheka mwenyewe. Mwingine hutaka kwanza kuyasikia maneno, kuyaandika, na kuyapima moyoni. Huyu si mjinga. Mwenda pole hajikwai. Lakini akisimamishwa ghafula mbele ya wote, huenda akapotewa na hata lile alilokuwa nalo.

Walakini tujihadhari tusiwabandike watoto majina, tukisema huyu ni wa macho, yule ni wa masikio. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walizichungua habari hizo, wasione ushahidi wa kutosha ya kwamba kumfundisha kila mtu kwa mtindo wake pekee humzidishia elimu. Kila mtoto na asikie, aone, asome, na aseme.

Yatupasa nini basi? Enyi walimu, mkiisha kuuliza swali, ngojeni kidogo kabla ya kudai jibu. Waacheni watoto waseme kwanza wawili wawili, ndipo mbele ya darasa. Kosa lisahihisheni kwa kulitamka neno lililo sawa, pasipo kicheko. Nanyi wazazi, msiulize alama tu, ulizeni, “Leo umesema neno gani jipya?” Naye akikosea, asichekwe na ndugu zake.

Sote tulijifunza kusema kwa kukosea, mbele ya mama aliyefurahia kila neno letu lililopinda. Mtoto wa Kidato cha Kwanza aianza tena safari ile ile, ila safari hii ni mbele ya wenzake arobaini au zaidi. Kabla hatujaandika “Mzito,” na tumngojee.