Istilahi za Upimaji wa Jicho kwa Mgonjwa Anayedhaniwa Kupata Kiharusi

Mgonjwa anapofikishwa hospitali akiwa amepooza upande mmoja ghafla, mdomo umepinda na ulimi umekuwa mzito, daktari hukabiliwa na swali kubwa: je, mshipa wa damu ubongoni umeziba au umepasuka? Majibu haya mawili yana tiba zinazopingana. Aliyezibwa na mshipa aweza kupewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Dawa hiyo hiyo akipewa aliyepasukiwa na mshipa, yaweza kumwua. Swali hili hujibiwa kwa picha ya ubongo, hasa ile ya mashine ya CT.

Uko upimaji mwingine unaoweza kufanyika kando ya kitanda katika chumba cha dharura, nao ni upimaji wa jicho kwa ultrasaundi. Mfasiri anayeletewa mwongozo wa upimaji huu atakutana na maneno yanayoonekana mepesi, kumbe yana mitego. Yafaa basi tueleze kwanza jambo lenyewe, kisha tuyatazame maneno yake.

Neva iendayo ubongoni kutoka nyuma ya jicho imevikwa ala, ambayo ni mwendelezo wa tando zinazoufunika ubongo. Ndani ya ala hiyo mna maji yale yale yanayouzunguka ubongo. Shinikizo likipanda ndani ya fuvu, maji hayo husukumwa na ala hutanuka. Jambo hili lilielezwa kwa vipimo vya ultrasaundi katika miaka ya 1990 na Helmke na Hansen, watafiti wa Ujerumani. Mgonjwa hulazwa akiwa amefumba jicho, hupakwa jeli kwa wingi, na kifaa cha mashine huwekwa juu yake bila kulikandamiza. Kisha mpimaji husoma upana wa ala milimita 3 nyuma ya tufe la jicho. Jicho linalodhaniwa kupasuka kwa jeraha halipimwi hivyo.

Neno la kwanza lenye utata ni “mshipa”. Katika mazungumzo ya kila siku neno hili hutaja njia ya damu, na pia hutaja neva, iitwayo “mshipa wa fahamu”. Katika habari za kiharusi mchanganyiko huo haufai hata kidogo, kwa kuwa kinachoziba au kupasuka ni kimoja na kinachopimwa ni kingine. Tunapendekeza “mshipa” libaki kwa damu, na “neva” litumike kwa fahamu. Tena, kwa kuwa jicho lina neva kadhaa, zikiwamo zile zinazolizungusha, “neva ya jicho” haitoshi. “Neva ya kuonea” yataja kazi yake na kuitenga na nyingine.

Neno “ala” tunalijua katika ala ya kisu na ala ya upanga, yaani kifuko kinachovaa umbo la kilichomo. Dhana yenyewe ndiyo hii. Ni kweli kwamba ala ni chombo pia, kama ala za muziki. Lakini “ala ya neva ya kuonea”, ikiandikwa kwa ukamilifu, haimpotezi msomaji.

Utata wa tatu umo katika “shinikizo”. Msomaji akiliona neno hili peke yake hudhani ni shinikizo la damu. Na katika habari za macho atadhani ni shinikizo la jicho, ambalo ni ugonjwa mwingine. Hapa panazungumzwa shinikizo ndani ya fuvu. Hapana budi mahali patajwe kila mara, hata kama sentensi itarefuka.

Nne, mgonjwa huyu asiitwe “mshukiwa wa kiharusi”. Mshukiwa ni mtu wa polisi na mahakama. Mgonjwa “hudhaniwa” kupata kiharusi.

Tano ni muda. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida katika muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze. Akiandika mfasiri “kabla ya saa nne na nusu”, msomaji wetu ataitazama saa ya ukutani. Iandikwe: “katika muda usiozidi saa nne na nusu tangu dalili kuanza”.

Sasa twafikia jina la upimaji wenyewe. Huenda mfasiri akavutiwa na jina fupi, kama vile “kupima kiharusi kwa jicho”. Jina hilo ni fupi na ni la hatari. Mpimaji haoni kiharusi, wala haoni shinikizo. Aonacho ni upana. Ala yaweza kutanuka kwa sababu ya damu iliyovuja, lakini yaweza kutanuka pia kwa sababu ya uvimbe unaofuata kuziba kwa mshipa mkubwa, au kwa jeraha la kichwa. Tena damu kidogo yaweza kuvuja bila ala kutanuka. Hata kikomo cha upana hakijaafikiwa: kwa watu wazima vikomo vinavyotajwa sana viko kati ya milimita 5 na 6. Mhudumu aliyesoma kwamba jicho “limepima kiharusi” aweza kuacha kumpeleka mgonjwa kwenye picha ya ubongo, au kudhani kwamba ameshajua ni kiharusi cha aina gani.

Isitoshe, kuna kiharusi cha jicho, ambapo mshipa mkuu wa damu wa retina huziba na mtu hupofuka jicho moja ghafla bila maumivu. Majina mawili yanayokaribiana hivyo yatachanganywa.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi itaje kile kinachopimwa, si kile kinachokisiwa: “upimaji wa upana wa ala ya neva ya kuonea kwa ultrasaundi”. Na katika mwongozo wa wahudumu sentensi ifuatayo isikosekane: “Ala iliyotanuka ni dalili kwamba huenda shinikizo limepanda ndani ya fuvu, haionyeshi kama mshipa wa damu umeziba au umepasuka, na ala isiyotanuka haiondoi uwezekano wa kiharusi. Picha ya ubongo isicheleweshwe.”